Françoise wa Kasuku Hushika Jina Mkiani

Saa tatu asubuhi, katika duka dogo la kompyuta komini ya Kasuku, sehemu ya mji wa Kindu nchini Kongo, Françoise, mhudumu wa duka, anavuta kiti karibu na skrini. Kando yake amekaa Mwanahamisi, muuza samaki wa Lokandu.

Mwanahamisi anamtafuta mdogo wake, Ayoubu Muzaliwa. Vita viliwatenganisha: yeye alikimbilia msituni, mdogo wake akafuata watu waliokuwa wakielekea ziwani. Juzi amesikia kwamba Wakongo walioko Kigoma wana ukurasa mtandaoni wa watu wanaotafuta ndugu zao. Ukurasa wenyewe ni mrefu mno, na majina hayakupangwa.

Françoise anabonyeza vitufe viwili, na kisanduku cha kutafutia maneno kinajitokeza pembeni. Anaandika: Ayoubu Muzaliwa. Jibu ni sifuri.

"Basi hayuko," anasema Mwanahamisi, akijifunga vizuri kitenge ili aondoke.

"Ngoja kwanza, yaya," anasema Françoise, akimwita dada kwa Kiswahili cha kwao. "Hii kisanduku iko na kichwa nguvu. Herufi moja ikipotea, inasema muntu hayuko."

Françoise huigombeza kompyuta kama mbuzi aliyeingia jikoni. Usipocheka ukiwa naye, labda unaumwa.

Lakini ubishi huo ameutoa mbali. Wakati wa vita, akiwa na miaka minne, alipotezana na mama yake, akalelewa na wakulima wa Tunda. Mama alifika huko mara mbili akimuulizia Françoise, akaambiwa hakuna mtoto wa jina hilo. Watu wa Tunda walikuwa wameshika mkia tu wa jina lake. Jina lake hutamkwa Fransuazi; wao walimwita Swazi.

"Mama aliuliza jina muzima, na wale walikuwa na kipande," anasimulia. "Tangu pale, mimi natafutaka kipande."

Anafuta, kisha anaandika herufi chache tu: zaliwa.

Majibu yanamiminika, maana kila mtu kwenye ukurasa ule alizaliwa mahali fulani. Aliyezaliwa Kabambare, aliyezaliwa Pangi. Françoise anabonyeza mshale wa chini, anasoma, anabonyeza tena. Kazi hii humpa hela ya unga na ada ya shule ya mwanawe, haimzidishii kitu, lakini sijamwona akiiharakisha.

Kidole kinasimama.

"Ayubu Mzaliwa, wa Lokandu, anamtafuta dada yake Mwanahamisi."

Aliyeandika kule Kigoma aliandika kama wanavyotamka kwao. U ya Muzaliwa ikaachwa, na ile o ya Kifaransa katika Ayoubu nayo ikaenda zake. Mwanahamisi anaomba asomewe tena, kisha tena.

Chini ya jina kuna namba ya simu. Wanapiga.

"Nani mwenzangu?" inauliza sauti ya mwanaume.

"Unaongea sasa kama Mutanzania," Mwanahamisi anamwambia, huku machozi yakimtoka. Upande wa pili, sauti inamwita dada.

Françoise anatoka nje awaachie nafasi. Macho yake mekundu, na hajisumbui kuyaficha. Anataka kununua kompyuta ya kubeba, anasema, apande pikipiki siku za soko hadi Lokandu na Tunda.

"Wako wengi walikuja hapa zamani, mbele sijaanza kazi. Waliandika jina mara moja, wakaona sifuri, wakarudia nyumbani na kufanya matanga," anasema. "Wale ndio nataka kuwafuata."