Kijiko cha Unga Mweupe

Mlishaji wa nguruwe wa Mama Elsie, kule nyuma ya soko la Kibuye, alikuwa mzee wa vidole vinene vilivyonuka dagaa wa omena hata Jumapili kanisani. Kila asubuhi alichanganya pumba, vumbi la omena na molasi ya miwa ya Muhoroni, akajaza vihori, kisha akatia katika kila kimoja kijiko cha unga mweupe wa kukuzia nguruwe haraka, akikisawazisha kwa kidole gumba kisizidi. Kabla unga huo haujaja, alikaa na kila nguruwe miezi tisa, akamjua tabia, akamkuna nyuma ya masikio hadi mnyama akasinzia. Siku hizi ni miezi mitano tu, mapaja yameshajaa na gari la mchinjaji liko mlangoni. Mzee alikohoa tu, akafagia banda tupu mara mbili.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi alimpenda nguruwe mmoja mwenye sikio lililochanika. Kila akifika kwenye kihori chake, kijiko kilirudi mkebeni kikiwa bado kimejaa. Nguruwe yule akabaki mwembamba, mchangamfu, akimfuata mzee kwa macho. Alhamisi moja Mama Elsie akaegemea ukuta wa banda, akawatazama.

"Mzee, huyu mbona hanenepi kama wenzake?"

"Anakula polepole, Mama."

"Basi ananimalizia chakula bure. Jumamosi gari likija, aanze yeye."

"Sawa, Mama."

Jioni hiyo mzee alimtilia vijiko vitatu vya unga, Jumamosi imkute amenenepa.