Gari la Viti Viwili

Wiki aliyofariki Baba, nilikuwa nimepewa na muuzaji gari la spoti ili nilijaribu, niamue kama inafaa niuze pikapu yangu kuukuu na kuongeza pesa nilinunue. Mama akapiga simu kutoka Soy: “Kesho kuja mochari na gari.”

Mimi, kichwa maji, nikadhani anataka watu waone kijana wa Mzee ameendelea. Pikapu nikaiacha kwangu Kapsoya. Nikafika mochari nikingurumisha injini, miwani nyeusi usoni, na waombolezaji wote wakanyamaza. Nikafikiri gari limewapendeza.

Binamu zangu walikuwa wameshatoka mlangoni, jeneza mabegani. Mama akachungulia dirishani, akaona viti viwili, akaniangalia.

“Sasa babako tutamweka wapi?”