Saa Moja Kabla ya Maziwa

Alois wa Sigino, kijiji cha Babati, hakuwa mtu wa maneno. Siku ya posa huko Mbulu, mjomba wake ndiye aliyesema yote, yeye akatazama miguu yake. Mapenzi yake yalipita kwenye kibuyu: ng'ombe akikamuliwa alfajiri, maziwa ya kwanza yalikuwa ya mkewe Bernadina, hata watoto, Ursula na wadogo zake, walingoja. Majirani walicheka wakachoka.

Mwaka 1983, Babati nzima ikifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni na kunywa chai isiyo na sukari, Bernadina alianza kupoa mwili. Mwanamke aliyezoea kupalilia huku akiimba sasa alijifunika blanketi mchana wa jua kali. Uso ulimvimba, sauti ikakwaruza, na akichambua maharage alisinzia juu ya ungo. Hospitali ya misheni wakasema tezi yake ya shingoni imezembea kazi, wakampa vidonge. Vilikuwa adimu kuliko sukari, na Alois alivipokea kwa mikono miwili.

Sasa, kwao dawa kali haimezwi na tumbo tupu. Huvunjwa makali kwa maziwa. Kila asubuhi Alois alileta kidonge na kibuyu, akasimama palepale mpaka tone la mwisho. Miezi ikapita, Bernadina akazidi kudhoofika. Alois naye, maskini, akazidisha maziwa. Aliogopa kwamba atamzika, na hofu hiyo hakumwambia mtu.

Waliporudi hospitali, nesi Leonia aliuliza, "Mama Ursula, vidonge unameza na nini?"

"Na maziwa. Mzee huyu hanikubalii maji."

Nesi akashika kiuno. "Baba Ursula! Maziwa yanaizuia dawa isiingie mwilini. Ameze na maji, kabla hajala kitu. Akae saa nzima, ndipo anywe hayo maziwa yako."

"Nimpe mgonjwa maji matupu, kama vile nyumba haina ng'ombe?"

"Mpe maji, Baba. Maziwa hayana kosa, yasubiri tu."

"Na kabichi? Wanasema inaharibu shingo."

"Ikipikwa, ale. Ale maharage, mayai, na samaki wa ziwani pia."

Alois alikunja uso. Kwao samaki na nyoka ni ndugu. Lakini alinunua.

Kesho yake alileta kikombe cha maji kwa aibu, kisha akakaa kwenye kigoda kungoja saa ile iishe. Ilikuwa ndefu kweli. Mikono haikuwa na cha kushika, na mke alikuwa akimtazama. Kwa kukosa la kufanya, akafungua mdomo. Alianza na habari za ndama, ikafuata habari ya baba yake, na asubuhi nyingine akamweleza jinsi mama yake alivyofariki yeye akiwa machungani. Bernadina alilia. Miaka yote ile hakuwahi kulijua hilo.

Mahindi yalipokomaa, uvimbe wa uso ulikuwa umekwisha na wimbo umerudi shambani. Wakaenda kumshukuru nesi.

"Sasa vidonge nitaacha lini?" aliuliza Bernadina.

"Huachi, mama. Hivi ni vya maisha yako yote."

Bernadina aliguna. Nesi akamgeukia Alois ampe pole, akamkuta anatabasamu.

"Vizuri," alisema Alois. "Maana katika kumsimulia sijafika hata siku niliyomwona mara ya kwanza."