Gauni Lisilosema Kweli

Ulikuwa mwaka wa tisini na moja dada yangu alipoanza kushika kiuno. Hapana, nimekosea, ni tisini na mbili, kwa sababu cherehani ilikuwa imetimiza miaka mitano dirishani, na ilihamishwa baada ya macho yake kupungua nguvu. Zamani ilikaa katikati ya chumba, ukitaka kupita lazima ujibanze ukutani.

Dada yangu alishona magauni ya wanawake. Mimi ni kitinda mimba, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, na mke wangu alipofariki nikahamia kwake, tukazeeka pamoja.

Basi dirisha lilikuwa kuliani. Alipotaka mwanga aliinamia huko, mguu wa kulia ukisukuma kanyagio, wa kushoto ameukunja chini ya kigoda. Asubuhi mpaka jua kuzama, miaka nenda miaka rudi. Maumivu yalianzia juu ya nyonga, yakashuka pajani, mwisho mguu ukafa ganzi palepale kwenye kanyagio. Akainuka, na tangu siku ile akawa hawezi kukaa kigodani hata kwa muda wa kutunga uzi.

Alitaka jambo moja tu, arudi kwenye cherehani yake. Ukimwambia habari ya kupumzika anakuwa mkali.

"Nipumzike nifanye nini? Nikutazame wewe? Nimekutazama tangu umezaliwa, hakuna jipya."

Nikampeleka kwa mnyoosha mgongo. Huyu alikuwa kijana aliyesomea kutibu uti wa mgongo na viungo kwa mikono yake, hana sindano wala vidonge. Chumba chake kilikuwa na kitanda chembamba, na ukutani kuna mistari iliyochorwa. Mgonjwa husimama mbele ya mistari, yeye anamtazama mabega na nyonga kama yamelingana.

"Mama, ningekuomba uvue gauni, mke wangu yupo hapa atakusaidia, kuna shuka la kujifunika."

"Mwanangu, mimi na mama yako ni rika moja. Nguo hainitoki."

"Haya mama, simama hivyohivyo."

Akasimama. Kijana akarudi nyuma, akainamisha kichwa huku na huku. Mabega sawa. Kiuno sawa. Pindo la gauni limelala sawa na mstari wa chini, kama limepimwa kwa pimamaji.

"Umenyooka, mama! Wasichana wa siku hizi hawasimami hivi. Huu ni uchovu wa misuli."

Dada akacheka, nami nikacheka. Kijana akamlaza kifudifudi, akamkanda juu ya kile kitambaa kizito cha gauni, kushoto na kulia sawasawa. Akampa na mazoezi ya kufanya nyumbani, ya kuinua miguu, huu kisha huu. Dada aliyafanya kila siku akiguna, akiitazama cherehani iliyofunikwa shuka. Hali ikazidi kuwa mbaya. Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao, wengine hata salamu hawamalizi.

Siku moja mvua ilitunyeshea njiani tukafika tumelowa chapachapa. Mke wa mnyoosha mgongo akamwonea huruma dada, akamwazima gauni lake kavu, wakaenda kubadilishia chumba cha nyuma. Dada alipotoka, kijana alikuwa anafuta mikono. Kitambaa kikamponyoka.

Bega la kulia lilikuwa limeanguka. Pindo upande huo lilikuwa linafuta sakafu, upande wa kushoto limepanda juu ya kifundo cha mguu.

"Mama, ni wewe huyu?"

Akaliendea lile gauni lililolowa, akaligeuza ndani nje. Bega la kulia lilikuwa limewekwa sponji. Upande wa kulia ulikuwa umekatwa mfupi, vidole vinne hivi.

Wanasema kinyozi hajinyoi. Dada yangu alijishonea, na taabu ikatokea hapo.

Kijana akakaa kitandani pake mwenyewe. Alisema polepole kwamba misuli ya upande mmoja ilikuwa imekazana na kufupika, ya upande wa pili imelegea, na yeye alikuwa akiizoeza yote sawa. "Iliyokazana nimeizidisha. Ningeona mapema, ningelegeza huu nikakaza huu." Hakumlaumu mtu.

Akaanza upya. Kusema kweli alijitahidi, na dada akapata usingizi kidogo, akaweza kutembea mpaka mlangoni. Lakini kigodani hakurudi. Alijaribu mara ya mwisho mbele yangu, akaweka mguu kwenye kanyagio, gurudumu likazunguka nusu likasimama. Akaifunika tena cherehani kwa shuka, akaniambia nimtafutie mtu wa kuichukua. Ilipotolewa nje aligeukia ukutani.

Aliishi miaka michache tena, ya kulala zaidi kuliko kukaa. Kabla hajafa nilimuuliza, naye akaniomba maji ya kunywa. Nikamuuliza mnyoosha mgongo, akatikisa kichwa. Nimewauliza hata mafundi wengine wa kushona, wanaguna tu. Dada yangu alipokuwa akikata upande mmoja mfupi, alijua kwamba anapinda akatuficha, au mkono wake ulikuwa ukimfuata tu alivyo, na yeye hana habari?