Sahani Iliyomchukua Mjomba Kashindi

Hivi wewe unayenisikiliza, umeshawahi kunusa mgomba uliokatwa sasa hivi, maji yake yakiwa bado yanatiririka? Kama hujanusa, sijui nikueleze vipi. Ni harufu ya mvua, ni harufu ya chuma, halafu kuna uchungu fulani unakaa nyuma ya ulimi. Na utomvu wake ukikudondokea kwenye nguo umekwisha, fua mpaka vidole vichubuke, doa halitoki, linazidi kuwa jeusi.

Mimi harufu hiyo ilinipata hapa hapa Alby, huku Sweden, jikoni kwangu, ghorofa ya tano, na nje theluji inaanguka. Mjukuu wangu Furaha alikuwa ameninunulia mgomba mdogo ndani ya chungu, kule Vällingby kwenye duka la maua. Alisema, Koko, maana ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, ili usikumbuke nyumbani sana. Mtoto huyo. Kwani mtu akiona mgomba anasahau nyumbani au ndiyo anakumbuka? Basi tuliuweka barazani ukapata majani yake, ukajivuna, halafu baridi ikaja ikauchoma wote. Jumamosi moja Furaha akachukua kisu akaukata, akaulaza juu ya magazeti, mkono wa sweta yake ukaingia doa. Harufu ikapanda. Nikakaa chini kwenye kiti, nikawa mtoto.

Nyumbani kwetu ni Uvira, kule juu milimani, unaliona ziwa kwa chini kama shuka lililoanikwa. Nilikuwa na umri wa meno kung'oka. Baba yangu alikuwa mpishi wa Mbeleji mmoja wa kampuni ya pamba. Kabla ya hapo alikuwa askari, alienda vita ya Wazungu, ile ya pili, mpaka Misri kwenye mchanga. Hakwenda peke yake. Alikwenda na mdogo wake mama yangu, Mjomba Kashindi. Kashindi ni jina la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, na hao mapacha Nyanya yangu aliwazika wote wawili. Kwa hiyo ujue Kashindi alikuwa nani kwake. Siku wanaondoka, Nyanya alimtuma mama yangu akamwambie baba: umemchukua wewe, utamrudisha wewe.

Unashangaa kwa nini alituma mtu? Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Hawakai mkeka mmoja, hawasemeshani ana kwa ana. Nyanya akija njia hii, baba anaingia kwenye mihogo. Nilimwona baba yangu, mwanaume aliyeshika bunduki, amechuchumaa nyuma ya banda la mbuzi anasubiri mama mkwe apite, na sisi watoto tunamcheka tumeziba midomo. Ndiyo heshima yenyewe. Maneno yao yote yalipita mdomoni kwa mama yangu, kama maji yanayopita kwenye mwanzi.

Vita ikaisha, baba akarudi. Mjomba hakurudi. Baba akamwambia mama, mwambie Mama kwamba Kashindi amebaki nyuma kidogo, atakuja. Mama akapeleka. Mwaka ukapita, ikawa yuko hospitali ya askari. Mwaka mwingine, ikawa amepata kazi huko huko. Kila neno mama alilipeleka kama lilivyo, na Nyanya alilipokea akaliweka, na kila msimu wa maharage mapya alitenga ya Kashindi.

Mwisho wazee wa ukoo wakachoka. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipopatikana, mnakata mgomba wa urefu wake, mnauvika nguo, mnaulilia, mnauzika. Hapo ndipo mama mtu anapata pa kulilia, ananyoa nywele, analala. Bila hivyo huyo marehemu anazunguka, na wewe uliyebaki unazunguka naye. Lakini lazima apatikane mtu wa kusema: nimeona, amekufa. Huwezi kumzika mtu anayekula.

Wakaja Jumapili. Mgomba wakaukata asubuhi, wakaulaza uani kwetu juu ya mkeka, wakaufunika kitenge. Mimi nilikuwa nimekaa chini kabisa, karibu na miguu ya baba, kwa sababu nilipenda viatu vyake vya jeshi. Mzee mmoja akaanza kuzunguka na maneno, unajua wazee, anaanzia kwenye mvua ya mwaka juzi. Nyanya akamkata. Akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Akageuka upande wa baba, akamsemesha mwenyewe kwa mdomo wake.

"Mkwe wangu, ulikwenda naye wewe. Sema wewe. Nikisikia kwako nitalia."

Baba aligeuza uso pembeni kama desturi inavyotaka, akatazama chini. Na chini nilikuwepo mimi. Mimi peke yangu niliuona uso wake. Mdomo wa chini ulikuwa unacheza kama wa mtoto aliyeonjeshwa ndimu.

"Mama, Kashindi yuko," akasema.

"Yuko wapi?"

Hapo ndipo sahani ilipotoka.

Akasema Wadachi, yaani Wajerumani, kwenye ile vita, walitengeneza kitu cha chuma, mviringo, mfano wa sahani ya kulia. Hakina mabawa, hakina mkia. Kinapanda juu wima kama moshi, kisha kinakwenda kushinda ndege ya Muingereza. Walipoona wanashindwa, wakubwa wao wakaingia ndani ya hizo sahani, wakabeba na watu wa kuwafanyia kazi, wakakimbilia nchi ya barafu, mwisho wa dunia, ambako mtu hafiki kwa miguu wala kwa meli. Kashindi ni mmoja wa waliobebwa. Yuko huko. Siku watakayomwachia, atashuka.

Maneno haya baba hakuyatunga yote. Mbeleji wake alikuwa ameyasoma kwenye gazeti, akawa anawasimulia wageni mezani, na baba anasimama nyuma na bakuli la mchuzi, Kifaransa chake cha jikoni kinaokota hiki na kile. Wageni walicheka. Baba hakucheka, alikwenda nayo.

Utasema, watu wazima walikubali? Wewe hukuwajua Wadachi kama wazee wetu walivyowajua. Wale wazee, vita ya kwanza iliwakuta vijana. Waliwasikia Wadachi wakileta meli nzima ndani ya masanduku, vipande vipande, wakaiunganisha ng'ambo ya ziwa, ikaelea. Mzee mmoja pale pale akasema, mtu anayeleta meli kwenye sanduku atashindwa na sahani? Wengine wakaguna. Mwingine akanong'ona kwamba sahani siku hizi zinakula watu badala ya watu kula kwenye sahani, jirani yake akakohoa kuficha kicheko. Lakini nani ambishie aliyekuwa huko?

Nyanya hakulia. Alisimama, akafunga kitenge chake vizuri, akasema toeni hilo gogo, mimi simlilii mtu anayekula. Wazee wakaondoka bila kula, na nyama ilikuwa imeshaiva.

Jioni, jua bado lipo, nilikwenda mtoni kuchota maji. Nikamkuta baba. Alikuwa amebeba ule mgomba begani. Hakuuburuta, kama tunavyoburuta migomba ya kuwapa mbuzi. Ameushika kwa mikono miwili, kichwa kimeinama upande wake. Akauweka chini taratibu, akachimba pale kwenye udongo mweusi kando ya maji, akaulaza. Mimi nilidhani anapanda. Nilikuwa najua mambo ya shamba, nikataka anisifu.

Nikamwambia, baba, mgomba uliokatwa hauoti.

"Najua," akasema.

Akafukia. Halafu akanawa, akanipandisha ndoo kichwani, tukarudi. Shati lake lilikuwa na doa begani. Mama alilisugua kwa jivu, akalisugua kwa ndimu, akachoka. Baba alilivaa hilo shati hivyo hivyo mpaka likaisha mgongoni.

Kuanzia hapo watoto wakaniita mtoto wa Baba Sahani. Nikipita wananiuliza, mjomba wako ameshushwa? Na mchuzi wameshampa? Nilipigana nao, nikachanwa hapa kwenye nyusi, alama unaiona. Maana mimi niliamini, na Nyanya aliamini. Alikuwa na sahani moja ya bati, nyeupe, ukingo wa bluu. Akaichukua akaiweka juu ya kichanja cha kuanikia vyombo, imetazama mbinguni, ili Kashindi akipita juu aijue nyumba ya mama yake. Asubuhi anaiosha, anairudisha. Jua likiipiga inang'aa mpaka unafumba macho. Nami nilikaa naye, shingo zimeinuliwa kama bata, akawa ananifundisha kutofautisha mwewe na kisicho mwewe.

Alikufa nywele zake ndefu, hakunyoa. Sahani ilikuwa kichanjani. Kwenye msiba baba alikaa mbali, nyuma ya banda lile lile la mbuzi, na mimi nikawaza, masikini, hata leo anaogopa kukutana naye.

Sasa nikurudishe huku. Vita zetu wenyewe zilipokuja, hizi za juzi, nilikimbia na mkwe wangu, mama yake Furaha, na Furaha akiwa mgongoni. Mwanangu Byamungu, baba yake Furaha, alirudi nyuma kuchukua godoro na dawa. Alisema tangulieni. Tukatangulia, mpaka kambini, mpaka Sweden. Siku ndege inashuka hapa nilichungulia dirishani, nikaona nyeupe, nyeupe, miti imesimama kwenye nyeupe. Mwenzangu, nilikuwa bibi mzima, lakini moyo wangu ulisema: kumbe ndiko huku Mjomba alikoletwa. Cheka tu. Mwezi wa kwanza, kwenye tunnelbana, treni yao ya chini ya ardhi, nikimwona mzee mweusi mwenye mvi ninamkazia macho, natafuta pua ya ukoo wetu. Mmoja akahama kiti.

Jumamosi ile ya mgomba, mkwe wangu alikuwa kazini, anawaogesha wazee wa watu. Mimi na Furaha tukakaa mbele ya televisheni, na mgomba uko jikoni juu ya magazeti. Mara naona sahani. Sahani ya chuma, mviringo, haina mabawa, na askari wa Kidachi wamesimama pembeni. Nikashika goti la Furaha. Nikamwambia, ongeza sauti, hiyo naijua.

Furaha ananijibu Kiswidi siku zote, lakini kutafsiri anatafsiri. Akanitafsiria: zilikuwa za siri, zilitengenezwa chini ya ardhi, walikimbilia kwenye barafu. Neno kwa neno la baba yangu. Nikawa nacheka, nikawa nataka kumpigia mtu simu, nimwambie Baba Sahani hakusema uongo. Halafu akatokea Mzungu mmoja mwenye miwani, akaongea polepole, na Furaha akaacha kutafsiri.

Nikamuuliza anasemaje.

"Anasema hazikuwepo, Koko. Hizo picha zimechorwa baadaye. Hawajapata hata moja."

"Na walizisimulia kwa nini?"

Akasikiliza. Akasema, anasema mtu aliyepoteza kila kitu anapenda kusema kuna kitu kimebaki.

Na ile harufu inatoka jikoni. Nikauona uso wa baba, ule wa kutoka chini, mdomo unacheza. Nikamwona mtoni, ameinamisha kichwa kwenye gogo. Zaidi ya miaka hamsini nilidhani baba alikuwa anapanda. Alikuwa anamzika shemeji yake. Labda mara ya pili, labda kwenye mchanga wa Misri alimfukia kwa mikono hiyo hiyo, sijui, na aliyejua hayupo. Alimlilia peke yake, bila mtu wa kumpa maji ya kunawa isipokuwa mtoto anayemfundisha kilimo. Na Nyanya, kama angemwona uso siku ile mara moja tu, angejua, angelia, angenyoa. Heshima ilisimama katikati yao kama ukuta.

Nikamsimulia Furaha yote, kama ninavyokusimulia wewe. Alikuwa anavuta vuta ule mkono wa sweta wenye doa. Nilipomaliza akaniuliza kwa Kiswidi, swali fupi ambalo hata mimi nisiyesoma nalielewa: na baba yangu?

Watu wa kanisa letu kule Vårby gård walishanifuata mara nyingi, mama, tufanye ibada ya kumlilia Byamungu, tumkabidhi kwa Mungu. Na mimi niliwajibu maneno ambayo nilidhani ni yangu: simlilii mtu anayekula. Mkwe wangu akisikia hivyo anaingia bafuni anafungua maji. Wale wanaotafuta waliopotea wana jina lake, hawajaleta neno. Sijui kama yuko. Nasema ukweli, sijui. Kila nikifunga macho namwona amebeba godoro.

Furaha hakuniambia atakuja. Wala hakuniambia amekufa. Alikwenda jikoni, nikamsikia anahangaika kabatini, akarudi na kitenge changu cha kanisa, akaufunika ule mgomba wetu mdogo, usioshinda mkono wa mtu, akaja nao akaulaza kati yetu kwenye kochi. Tukakaa nao. Nikasema kesho usiupeleke kwenye takataka, akatikisa kichwa kwamba hapana.

Unajua kwetu mjukuu na bibi hawana ukuta. Mjukuu anakutania, anakuita mke mwenzie, anakula kwenye bakuli lako. Basi akanishika mashavu yangu haya yaliyolegea, akanigeuza, macho yake yakaingia kwenye yangu. Na hakusema kwa Kiswidi. Alisema kwa Kiswahili, kile chake cha kuvunjika vunjika, anachokitoa siku za sikukuu tu.

"Koko, mimi siku nikijua, nitakuambia. Nitakuambia nikikuangalia hivi."