Namba ya Pili Kwenye Pampu Yangu

Mimi nimeishia darasa la nne, na sijaona nilichokikosa. Wenye vyeti walikuja Makote, wakapima bonde, wakanywa soda, wakaondoka. Mimi nilipandisha maji kutoka bondeni kwa baiskeli, madumu manne kwa safari, mpaka nikawa na pampu yangu, tangi langu na vioski vinne. Leo injinia akinawa uso Newala, huenda ananawia maji yangu. Sijasema anishukuru.

Fundi kutoka Mtwara aliniwekea mfumo wa kompyuta. Pampu ikiwaka, mfumo unaandika. Ikizima, unaandika. Kumbukumbu hizo unaweza kuziagiza ziende zenyewe kwenye simu ya unayemtaka. Maendeleo makubwa. Shida ni kwamba kila pampu ilipozima, boza la maji la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, lilikuwa limeshaegeshwa mbele ya kioski changu kabla mimi sijavaa viatu. Halafu ananipigia: "Shemeji, naona mashine imechoka. Nikuletee ndoo mbili ukoge?"

Nikajua kuna anayevujisha. Kwa akili hizi zilizojenga tangi, sikuhangaika kutafuta. Ofisini alikuwepo mtu mmoja tu, karani wangu, mwalimu mstaafu anayenizidi umri, tunayemwita Mama Mwalimu.

"Bosi," akasema, "kabla hujakagua watu, kagua mipangilio. Hizo kumbukumbu zinapelekwa wapi?"

"Usinifundishe, mama. Mimi si mwanafunzi wako."

"Ungekuwa wangu, ungefika la tano."

Nikamsimamisha kazi palepale. Nikachukua simu ya ofisi asije akafuta ushahidi, nikampa mpaka Jumatatu awe amekiri, la sivyo asirudi tena. Akafuta miwani yake, akapanda basi kwenda kwao Chiwata. Hakuaga.

Ushahidi sasa. Fundi alikuwa ameniunganishia akili mnemba na mfumo kwa zana ya kusomea tu: inafungua mipangilio, inakueleza ilichokiona, haigusi kitu. Huwa naongea nayo kwa sauti kwa sababu vidole vyangu ni vinene, si kwa sababu nyingine.

"Nionyeshe karani anampelekea nani habari za pampu yangu."

"Sioni ujumbe wowote uliotumwa na karani," ikajibu kwa upole unaoudhi. "Naona mipangilio ya kupeleka kumbukumbu. Pampu inapozima, nakala inakwenda kwenye namba mbili."

Ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili niliitambua kabla haijaisha kusomwa, maana ndiyo ninayoipiga kila Idi kumtambia mwenyewe.

"Nani aliiweka hiyo?"

"Fundi, siku mfumo ulipofungwa. Ameandika maelezo: kwa agizo la mwenye mali, ili shemeji yake aone wanaume wanavyofanya kazi."

Siku ile nilikuwa nimechinja mbuzi. Niliyasema hayo mbele ya watu wote, wakacheka, isipokuwa fundi. Yeye alitoa kalamu akaniuliza namba. Nami nikamtajia kwa kichwa, bila kukosea hata tarakimu moja.

"Ifute."

"Siwezi, nimeruhusiwa kusoma tu. Mwenye ruhusa ya kubadilisha ni karani peke yake, kwa nywila yake."

"Na mimi mwenye mali?"

"Wewe pia umeruhusiwa kusoma tu."

Pampu yangu, tangi langu, na mtu wa darasa la nne nimebakiziwa kusoma.

Njia nzima ya kuteremka Chiwata nilikuwa napanga maneno ya kumtupia fundi lawama. Yalikuwa maneno mazuri sana. Nikamkuta Mama Mwalimu anaanika mihogo uani, jirani yake yuko ng'ambo ya ua. Kwa kawaida yeye ndiye anayenianza: habari za asubuhi, bosi. Safari hii aliendelea kugeuza mihogo.

"Shikamoo, Mama Mwalimu."

Akageuza vipande viwili zaidi.

"Marahaba. Umekagua mipangilio?"

"Nimekagua."

"Mvujishaji ni nani?"

Yale maneno ya fundi yalikuwa mdomoni tayari. Nikamtazama yule mama, nikayameza.

"Ni mimi."

"Sema kwa sauti, jirani hajasikia."

"Ni mimi! Nisamehe, mama."

Akanawa mikono taratibu, akavaa miwani, akanyoosha kiganja. Nikampa simu ya ofisi. Kazi iliyonishinda mimi na akili mnemba yangu aliimaliza amesimama, karai la mihogo likiwa miguuni.

"Ya shemeji nimeiondoa. Nimeweka yangu. Jumatatu nitakuja, ila meza yangu ihamie dirishani."

Imehamia. Wiki iliyopita shemeji alipiga: "Mbona siku hizi pampu yako haizimi?"

"Wanaume tunafanya kazi, shemeji," nikaanza.

Pale dirishani Mama Mwalimu akainua macho. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.