Umepoa, Haujapona

Ng'washi binti Machibya, wa ukoo wa Shimba. Babu yake Shimba alifuata ng'ombe walioibwa mpaka akarudi nao wote, na mmoja wa ziada asiyekuwa wake, naye akamtafuta mwenye ng'ombe huyo akamkabidhi. Baba yake Machibya alichimba kisima kule Bujora wakati wenzake wanabishana nani aanze. Na yeye Ng'washi, tangu alipoolewa Igombe, ndiye aliyeogesha kila mtoto aliyezaliwa nyumba ile, wazima na wale waliokuja wadogo kama vifaranga, na hakuna hata mmoja aliyemponyoka.

Kwa hiyo mjukuu wake Gladness aliporudi kwa wazazi wake Buzuruga kujifungua, hakuna aliyeuliza nani ataogesha. Rebeka, mama yake Gladness na mke wa Nathaniel mwana wa Ng'washi, hakuwahi kupewa beseni hata siku moja. Mama mkwe hakumwamini, na Rebeka alishazoea.

Mambo yaliharibikia kwa ndama. Ndama wa Ng'washi alikuwa na mabaka ya choa kichwani, na kila asubuhi wakati wa kukamua bibi alimbana kwa mkono wa kushoto. Haukupita muda, mduara ukatokea kwenye mkono huo, mwekundu pembeni, katikati umepauka, unawasha kama umepitiwa na siafu. Duka la dawa lilikuwa hapo hapo barabarani. Lakini jirani yake Anyango, akiwa anaanika dagaa, akamwona anavyojikuna.

"Mama Nathaniel, unapiga gitaa?"

"Ningepiga gitaa ungeshacheza. Ni choa."

"Basi nina tyubu yangu imebaki nusu. Ukipaka leo, kesho umesahau."

Tyubu yenyewe ilikuwa imekunjwa mpaka maandishi yamekatika. Ng'washi hakujisumbua kuikunjua. Darasa la saba alimaliza, kusoma anajua, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko mengine.

Kweli, kesho yake mwasho ukatulia na wekundu ukafifia. Akapaka siku chache, akaacha. Ndipo Gladness akapiga simu: mtoto wa kike, mzima.

"Na ule mkono, bibi?"

"Umepoa."

"Kama umepona, basi njoo. Kitukuu wako anakungoja."

Herufi moja tu. Ng'washi aliisikia ilivyoingia. Angeweza kusema, hapana mwanangu, nimesema umepoa. Badala yake akaaga, akaenda kutoa khanga safi sandukuni.

Alimwogesha kitukuu wake asubuhi na jioni, akimlaza kwenye mkono ule ule wa kushoto, akimwimbia majina ya waliomtangulia. Hakuwa na furaha kama ile tangu mumewe afariki. Kisha kikatokea kiduara kidogo kwenye shingo ya mtoto, kwa nyuma, pale pale anapolazwa. Na mkono wa Ng'washi nao ulikuwa umerudia, safari hii bila duara la kueleweka, ni wekundu uliofifia uliopanda mpaka begani.

Wakaenda zahanati. Nesi akamtazama mtoto, akamtazama bibi, akaomba kuiona dawa. Akainyoosha ile tyubu taratibu, akasoma.

"Bibi, hii ni ya mchanganyiko. Humu kuna dawa ya kutuliza mwasho. Ngozi inatulia, wewe unadhani umepona, kumbe fangasi wanatambaa chini kwa chini. Ukiendelea nayo, ngozi inakuwa nyembamba."

"Mtoto je?"

"Mtoto nampa ya fangasi peke yake." Akamgeukia Gladness. "Osha, kausha vizuri, paka kidogo, na uvuke ukingo wa duara. Baka likipotea usiache, malizia muda niliokuandikia. Na asichangie tyubu wala taulo na mtu."

Kwa Ng'washi, ugonjwa ulikuwa umeenea mno kwa dawa ya kupaka peke yake. Alipewa vidonge, akaambiwa asimwogeshe mtoto mpaka wamwone tena.

"Mpaka lini?"

"Wiki kadhaa, bibi."

Wiki kadhaa. Mtoto atakuwa amekaza shingo, amezoea mikono mingine. Siku za uchanga hazimrudii mtu.

Njiani Gladness hakulaumu. Karibu na nyumbani ndipo akasema, kwa sauti ya chini, "Bibi, si ulisema umepona."

"Nilisema umepoa." Ng'washi akasimama. "Nawe ukasikia umepona, na mimi nikasikia ulivyosikia. Nilitaka kuja."

Gladness akamhamishia mtoto bega la pili, wakaendelea kutembea.

Jioni maji yalipopata uvuguvugu, Rebeka alisimama na beseni, hajui aliweke wapi. Ng'washi alikaa mbali, mlangoni, mikono ameifunga ndani ya khanga.

"Keti chini, nyoosha miguu. Mlaze hapo katikati ya mapaja. Kiganja nyuma ya shingo, usimkabe. Hivyo. Mikunjo yote uikaushe kwa kugusagusa, usisugue."

"Hivi, mama?"

"Hivyo hivyo." Mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Ng'washi alitazama pembeni, kisha akajilazimisha kutazama. "Rebeka, kazi hii ni yako. Sikuazimi. Hata mkono ukipona, endelea wewe."

"Na akija mwingine, mama?"

"Akija mwingine utamwogesha wewe. Mimi nitakuja kama wageni wengine, nimkute ameshavaa."